Kasa wa Bandia: Vitabu vya Kale vya Upishi wa Kiingereza Vikisomwa Kilwa Kivinje

Katika maandiko yote ya wanadamu, kitabu cha upishi ndicho kidharauliwacho upesi kuliko vyote. Mwenye elimu hukipita akitafuta historia au mashairi. Mwenye nyumba hukifungua kwa haja ya siku moja, akakifunga tena kikiwa na alama za vidole vyenye samli. Walakini kitabu hicho ni shahidi asemaye kweli pasipo kukusudia. Mwandishi wa historia ajua kwamba atasomwa na wajukuu, naye huchagua maneno yake. Lakini mtu aandikaye jinsi ya kupika kichwa cha ndama hafikiri kwamba miaka 200 baadaye watu watamwuliza habari za nchi yake, watumishi wake, na tamaa zake. Basi yafaa tumwulize.

Waingereza wenyewe siku hizi huvifungua vitabu vya bibi zao kwa mambo mawili yaliyochanganyika: kicheko, na kutamani siku zilizopita. Hucheka wakisoma kitabu kikubwa cha Isabella Beeton, kilichotolewa London mwaka 1861, chenye kurasa zaidi ya 1,000, ambamo karoti kubwa zaamriwa kuchemka hata muda wa saa mbili na robo. Hucheka tena wakiona katika kitabu hicho chakula cha mgonjwa ambacho ni kipande cha mkate uliochomwa, ukapoa, ukawekwa katikati ya vipande viwili vya mkate usiochomwa vilivyopakwa siagi, pamoja na chumvi na pilipili. Yaani mkate uliotiwa mkate. Mwaka 2011 chama cha wataalamu wa kemia cha Uingereza kilikirudisha chakula hicho mbele ya watu, kikakisifu kuwa ndicho rahisi kupita vyote, kwa kuwa gharama yake ilikuwa peni saba na nusu tu. Watu wakacheka, na wengine wakakila.

Kicheko si kosa. Lakini kicheko peke yake hakimfundishi mtu kitu, maana kila chakula ni kichekesho kwa asiyekizoea. Mgeni aliyefika Kivinje akaona watu wakigombania ukoko wa wali chini ya sufuria angeweza kucheka vivyo hivyo. Basi tuvisome vitabu hivi kwa maswali matatu. Kwanza, chakigani kimekosekana nyumbani hata mwandishi akakitafutia mfano wake? Pili, mwandishi asema na nani, na kwa sauti gani? Tatu, amenyamaza juu ya nini?

Swali la kwanza latuonyesha jambo la ajabu. Vitabu vya kale vya Waingereza vimejaa vyakula vya bandia. Katika karne ya 18 matajiri wa London walipenda sana mchuzi wa kasa, na kasa hao waliletwa wangali hai kwa merikebu kutoka bahari za joto. Asiyeweza kununua kasa alifundishwa kupika kichwa cha ndama pamoja na viungo na mvinyo, hata nyama yake laini yenye mafuta ifanane na ya kasa. Mchuzi huo uliitwa kasa wa bandia, ukapata sifa kiasi cha kwamba Lewis Carroll, katika hadithi yake ya watoto ya mwaka 1865, alimfanya kuwa mnyama kamili, mwenye mwili wa kasa na kichwa cha ndama, akilia kwa sababu hapo kale alikuwa kasa wa kweli. Kadhalika embe. Achari ya maembe ilipofika Uingereza katika vyombo vya wafanya biashara wa Bara Hindi, watu waliipenda. Lakini mwembe hauoti penye theluji. Basi wakachukua matango na matikiti machanga, wakayatoa moyo, wakayajaza viungo, wakayazamisha katika siki, wakayaita maembe. Hata ndizi ilipata mfano wake. Mwezi wa Novemba 1940 serikali ya Uingereza ilisimamisha kuleta ndizi kwa sababu ya vita, na akina mama wakafundishana kuchemsha mzizi mmoja mweupe wenye umbo la karoti, kuuponda na sukari, na kuutia matone ya manukato ya ndizi, ili watoto wapate kuikumbuka ladha yake, au waijue wale ambao hawajaionja kamwe.

Msomaji wa Kilwa akifika hapo husimama kidogo. Kasa huogelea katika bahari hii ya kwetu, ingawa siku hizi sheria yamlinda asivuliwe. Miembe yatia kivuli mitaani. Ndizi si jambo la kuulizwa. Naye Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliandika kwamba huko Mogadishu, alikopita kabla ya kufika kwetu, alikaribishwa wali wenye samli na vitoweo juu yake, na ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na embe. Basi alichokitamani mpishi wa London, akakifanyia sanamu kwa tango na kichwa cha ndama, kilikuwa chakula cha desturi katika pwani hii miaka 400 kabla yake. Kioja kimegeuka upande. Si sisi tulioko pembeni tukitazama meza kubwa. Meza kubwa ndiyo iliyokuwa ikitazama huku kwa matamanio.

Lakini tusijisifu upesi, maana kioo hicho kina pande mbili. Waingereza walipokuja kukaa katika nchi za joto, maradhi yaleyale yaliwarudia kwa njia nyingine. Sasa embe lilikuwa tele, bali tufaha halikuwapo. Basi katika vitabu vya makoloni twaona papai bichi likipikwa kwa ndimu na sukari na karafuu hata lipate kuitwa tufaha. Mtu aliye kwao alitamani ugeni, na aliye ugenini alitamani kwao, na kila mmoja alipika uongo ulio mtamu. Hapa ndipo kitabu cha upishi kinapofanana na shairi la huzuni: hakieleze kilichopo tu, bali chaeleza pia kilicho mbali. Mhakiki asiyeona huzuni hiyo chini ya kicheko hajakisoma bado.

Tuje sasa katika swali la pili, la sauti. Watu hudhani kwamba kitabu cha upishi ni maneno ya mama kwa binti yake. Si hivyo. Hannah Glasse, aliyetoa kitabu chake The Art of Cookery mwaka 1747, asema waziwazi katika utangulizi kwamba aandika ili kuwafundisha watumishi, kwa maneno mepesi watakayoyaelewa, bibi zao wapate kuepukana na taabu. Katika kitabu hicho mna mchuzi wa bizari uliopikwa kwa namna ya Kihindi, miongoni mwa ya kwanza kuandikwa kwa Kiingereza: kuku, vitunguu, pilipili manga, na giligilani iliyokaangwa motoni juu ya beleshi safi. Beleshi hilo limewachekesha wengi. Lakini latueleza kwamba mtumishi yule hakuwa na chombo cha kazi ile, wala hajawahi kuiona ikifanyika, naye bibi yake vilevile. Wote wawili walikuwa wageni wa chakula hicho, na mmoja akimwamuru mwenziwe.

Isabella Beeton alifuata njia hiyohiyo kwa mpango ulio bora zaidi. Kila chakula alikiwekea orodha ya vitu vyake mwanzoni, na muda wake, na bei yake, na idadi ya watu watakaoshiba, na majira yake ya mwaka. Eliza Acton alikwisha kuandika orodha za vitu mwaka 1845, ila aliziweka mwisho. Beeton alizileta mbele, na vitabu vingi vya leo vyafuata desturi hiyo. Hiyo ni sifa yake ya haki, ingawa mapishi mengi aliyatoa katika vitabu vya wengine. Lakini mwanzo kabisa wa kitabu amfananisha bibi wa nyumba na jemadari wa jeshi. Mfano huo wafafanua sauti ya kitabu chote. Jikoni ni kambi. Mapishi ni amri. Mpishi ni askari asiyeulizwa neno. Mwandishi huyo alifariki mwaka 1865, akiwa na umri wa miaka 28 tu, na sauti yake ikaendelea kuamuru vizazi baada ya kuzikwa kwake.

Sauti hiyo ndiyo iliyovuka bahari. Mwaka 1928 chama cha wanawake wa Kanisa la St Andrew, Nairobi, kilitoa The Kenya Settlers' Cookery Book and Household Guide, kitabu kilichopigwa chapa mara kwa mara kwa miaka mingi. Ni kitabu cha bidii, chenye msaada kwa mtu aliye mbali na duka na mbali na ndugu. Nacho, kama vitabu vingine vya namna hiyo, kiliwapa bibi wa Kizungu maneno ya Kiswahili ya kusemea na watumishi wao. Mwaka 1936 F. H. le Breton naye alitoa kitabu chake cha Kiswahili cha bara, kilichorahisishwa kwa ajili ya askari, walowezi, wachimba madini, wafanya biashara na wake zao. Hivyo lugha yetu iliingia katika mlango wa jiko la mgeni. Na waalimu wa lugha wanapaswa kuangalia iliingia ikiwa na nguo gani.

Iliingia imevuliwa karibu zote. Kiswahili kile, ambacho watu wenyewe walikiita Kisetla, kilitupa upatanisho wa majina, kikatupa nyakati za vitenzi, kikabakiza amri. Mtu aliyelelewa pwani angesema, “Kuku huyu amekwisha kuiva?” Kisetla kilisema, “Kuku hii kwisha pika?” Hakuna tafadhali, hakuna hebu, hakuna mzee wala baba wala mwanangu. Walakini aliyeambiwa hivyo mara nyingi alikuwa mtu mzima, mwenye watoto na wajukuu, ambaye kwao hakuna kijana angethubutu kumpita pasipo kumwamkia shikamoo. Hasara hapa si ya sarufi peke yake. Lugha iliyoondolewa adabu humfundisha asemaye kwamba asemezwaye hana adabu ya kupewa.

Tena ilipotea elimu. Kiswahili cha jikoni cha watu wa pwani ni kipana kuliko cha vitabu vile vya amri. Tazama kazi moja tu ya kuivisha kitu. Kuchemsha ni kuyafanya maji yatokote. Kutokosa ni kuivisha kwa maji matupu, kama mayai. Kupwaza husemwa hasa kwa muhogo, viazi na boga. Kubanika ni kuweka samaki au nyama katika ubano karibu na moto. Kukaanga ni kwa mafuta. Kuunga ni kutia nazi, vitunguu na viungo hata mboga iliyokuwa tupu ipate ladha. Kupalia ni kuweka makaa juu ya kifuniko ili wali ukauke pasipo kuungua. Nazi hukunwa kwa mbuzi, hukamuliwa katika kifumbu. La kwanza ni tui zito, ndilo kasimile, na la pili ni jepesi. Atiaye kasimile mapema ameharibu mchuzi. Wali wenyewe una majina kwa hali yake: ukiwa laini mno ni bokoko, ukiwa wa majimaji ni mashendea, na ulioshika chini ni ukoko. Mpishi aliyeambiwa “pika” na “chemsha” tu alikuwa na maneno hayo yote kifuani, wala hakuna aliyemwuliza.

Swali la tatu ni la vile vilivyonyamaziwa, na hapo Kilwa Kivinje yenyewe yaingia katika kitabu, ingawa haitajwi. Vitabu vya Uingereza vya karne ya 18 na ya 19 vina sukari kila mahali, katika jamu, keki na matunda yaliyohifadhiwa; na vina karafuu, zikichomekwa katika kitunguu, katika paja la nguruwe, na katika pai ya matufaha. Orodha yasema aunsi kadha, na bei yake. Haisemi vilitoka wapi. Basi sisi tuseme. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mapatano na Sultani wa Kilwa, ya Kisiwani, apewe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa ambavyo leo huitwa Morisi na Réunion. Mwanzoni mwa karne ya 19 mikarafuu ilikuwa imefika Unguja, baadaye ikaenea Pemba, na mashamba hayo yalilimwa kwa mikono ya watumwa. Karne hiyohiyo Kivinje, mji wetu wa barani, ulikuwa mlango mkubwa wa biashara hiyo. Misafara iliyotoka pande za Ziwa Nyasa ilishuka hapa, na makumi ya maelfu ya watu walipakiwa katika majahazi, wengi wao kwa njia ya Unguja, hata mapatano ya tarehe 5 Juni 1873 yalipoifunga biashara ya baharini kwa sheria, ingawa ya siri iliendelea kwa muda.

Hatusemi kwamba kila mwanamke wa Uingereza aliyechomeka karafuu katika kitunguu alikuwa mwuza watu. Wako waliojua wakakataa: tangu mwaka 1791 familia nyingi za Uingereza ziliacha kutumia sukari ya visiwa vya Karibi kwa sababu ya damu iliyokuwa ndani yake. Tendo lao lathibitisha hoja yetu. Chakula chaweza kuulizwa kilikotoka, na mtu wa kawaida mwenye kijiko mkononi aweza kuuliza. Orodha ya mapishi imepangwa ili asiulize. Huo ndio upungufu mkubwa wa maandiko ya namna hii, nao si wa Waingereza peke yao. Wimbo wa kusifu pilau ya Unguja nao huweza kunyamaza juu ya aliyechuma karafuu.

Mara moja pengo hilo lilionekana wazi, tena katika nchi yetu. Tangu tarehe 8 Januari 1940 chakula cha Waingereza kiligawanywa kwa kipimo, na mgawo haukwisha mpaka tarehe 4 Julai 1954. Katika miaka hiyo yalizaliwa mapishi ya dhiki, kama ile pai ya viazi, karoti, koliflawa na unga wa oti, iliyopewa jina la Lord Woolton, Waziri wa Chakula tangu 1940 hata 1943. Watu wazee wa Uingereza huikumbuka kwa kukunja uso na kwa machozi pamoja. Vita vilipokwisha, mafuta ya kupikia yalikuwa bado haba. Na serikali, kwa shauri lililoletwa mwaka 1946 na Frank Samuel wa kampuni ya United Africa, iliazimia kulima karanga Tanganyika katika mamilioni ya ekari. Kazi ilianza mwaka 1947. Misitu ilifyekwa Kongwa, Urambo, na Nachingwea iliyo nyuma ya Lindi. Bandari na reli zikapangwa upande wetu wa kusini. Ardhi ngumu na ukosefu wa mvua vikaishinda mitambo. Mwezi wa Januari 1951 mradi uliachwa, na paundi milioni 36 hivi zilikuwa zimepotea. Reli ya kusini nayo ikang'olewa baadaye. Basi ufinyu wa siagi katika kikaango cha London ulikata miti ya Nachingwea. Ni kitabu gani cha mapishi ya vita kitamwambia hayo msomaji?

Sasa tuvipime vitabu hivi kwa haki. Sifa zao ni tatu. Viliandikwa, basi vimedumu; vina vipimo, basi mgeni aweza kuvifuata; na vilihifadhi hata vyakula duni vya wagonjwa na vya njaa, ambavyo watu wenye kiburi wangevificha. Lawama zao ni mbili: sauti ya amri isiyomwuliza mpishi, na orodha isiyouliza chanzo. Tukiziweka sifa na lawama pamoja, hukumu yatugeukia sisi wenyewe. Mapishi ya Kilwa yako wapi? Yako vinywani mwa wanawake wazee, na kila mmoja wao azikwapo, sura moja yazikwa pamoja naye. Shuleni watoto wengi wa Afrika ya Mashariki walifundishwa kuoka keki kwa kipimo kabla ya kuulizwa kama bibi zao wanajua kuumua unga wa vitumbua kwa tembo la mnazi.

Wako watakaosema kwamba upishi wetu hauandikiki, kwa sababu ni wa jicho na mkono, na mama husema tu “tia kiasi.” Neno hilo si hoja. Waingereza wa kale nao waliandika siagi kadiri ya kokwa la jozi, na maji ya kutosha. Kipimo kilikuja baadaye, msomaji alipokuwa mgeni wa nyumba. Tena pwani ilikuwa na vipimo vyake tangu zamani: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, na pishi ni ratili sita hivi. Aliyenunua mchele kwa vipimo hivyo hakukosa hesabu. Alikosa mwandishi.

Basi twawashauri waalimu wa pwani hii jambo lililo dogo. Wanafunzi waende kwa bibi zao na daftari, si kwa kuwaamuru bali kwa kuwaomba, baada ya kuwaamkia. Waandike kitenzi kama kilivyosemwa, kupwaza kiwe kupwaza, wala kisigeuzwe kuchemsha ili kifanane na kitabu. Waandike kipimo, na kama hakuna, wakae jikoni wapime wenyewe. Waandike chakula hicho hupikwa lini, cha arusi, cha matanga, cha mzazi au cha njaa, na nani hula kwanza. Wala wasivisahau vyakula vya dhiki, ambavyo watu huona haya kuvitaja. Na mwisho, jambo ambalo Glasse na Beeton na bibi wa Nairobi hawakulifanya: waandike kila kitu kimetoka wapi, nazi ya shamba la nani, mchele wa bonde gani, samaki wa mtego wa nani, na jina la yule aliyepika.

Kitabu cha namna hiyo kitakuwa na makosa yake, na wajukuu watakicheka pia. Na wacheke. Watakuwa na kitu mkononi cha kuchekea, na wakiisha kucheka wataweza kwenda jikoni wakakipika, wasilazimike kukifanyia sanamu kwa tango.